Kompyuta ya ofisi ya kanisa inapozimika kwa joto: mambo ya kufanya kabla ya kuitupa

KAMINA, Haut-Lomami – Katika ofisi nyingi za makanisa yetu, kompyuta imechukua mahali pa lile daftari kubwa lenye jalada gumu. Ndani yake tunaandika majina ya waliobatizwa, ndoa zilizofungwa, hesabu za sadaka, na ripoti ambazo distrikti huzisubiri kabla ya mkutano wa mwaka. Kwa hiyo mashine hiyo ikianza kuzimika yenyewe katikati ya kazi, kumbukumbu za watu wa Mungu zimo hatarini.

Dalili zake zinajulikana. Asubuhi kompyuta inawaka vizuri. Baada ya nusu saa inakuwa nzito, vantilateri (wenzetu wa Kenya na Tanzania huiita feni) inalia kwa nguvu, kisha kioo kinakuwa cheusi ghafla. Wengine husema ni virusi, wengine husema imekufa, na kamati inaanza kutafuta pesa za kununua nyingine. Mara nyingi ugonjwa ni joto la prosesa tu, na dawa yake ni burashi, turnevisi na krimu kidogo.

Joto linatoka wapi?

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Ni kipande kidogo cha silikoni, na karibu umeme wote unaoingia ndani yake hugeuka kuwa joto. Joto hilo lazima litolewe. Juu ya prosesa kuna krimu nyembamba ya kupitisha joto. Juu ya krimu kuna radiateri, yaani kipande cha alumini au shaba chenye mapezi mengi membamba. Kisha vantilateri inasukuma hewa kati ya mapezi hayo na kulitoa joto nje.

Hiyo ni njia moja yenye hatua tatu: krimu, radiateri, hewa. Hatua moja ikiziba, joto linabaki ndani. Prosesa nyingi za Intel na AMD zimewekewa kikomo kati ya digrii 90 na 105 za Selsiasi. Zikikaribia hapo hupunguza mwendo zenyewe ili zisiungue, na ndiyo sababu kompyuta inakuwa nzito kabla ya kuzimika. Joto likizidi kupanda, mashine inajizima. Kuzimika huko ni ulinzi. Lakini kompyuta inayojizima kila siku inaweza kuharibu faili lililokuwa wazi, na vipuri vyake huzeeka haraka.

Kwa nini hapa kwetu?

Kamina iko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo hubeba joto pungufu kuliko hewa nzito ya pwani. Hilo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni vumbi. Tangu mwezi wa tano hadi wa tisa mvua hainyeshi, barabara za udongo mwekundu zinakauka, na kila gari linalopita linaleta vumbi madirishani. Vumbi hilo laini linaingia katika radiateri na kujishika kati ya mapezi kama blanketi. Halafu mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua haijarudi vizuri, jua linakuwa kali. Mashine iliyobeba vumbi la miezi mitano inakutana na joto la mwaka, wakati huohuo ambapo makatibu wanaanza kukusanya takwimu.

Vipuri navyo viko mbali. Kamina ni njia panda ya reli ya kwenda Lubumbashi, Ilebo na Kabalo, lakini kipuri kilichoagizwa Lubumbashi kinaweza kuchukua muda mrefu kufika. Kwa hiyo ni heri kutunza kile tulicho nacho.

Je, ni joto kweli?

Kabla ya kufungua kitu, tuhakikishe. Kompyuta inaweza kuzimika pia kwa sababu umeme wa jenereta au wa sola umeshuka. Tuangalie mambo haya:

1. Ikizimika wakati uleule taa za ofisi zinapofifia, tutafute tatizo kwenye umeme kwanza.
2. Ikizimika baada ya muda wa kazi, ikakataa kuwaka au ikazimika tena upesi, kisha ikawaka vizuri baada ya kupumzika dakika 20, tushuku joto.
3. Tuweke mkono mahali hewa inapotokea. Kama mashine ni ya moto lakini hewa inayotoka ni hafifu, njia imeziba au vantilateri imesimama.
4. Tupime. Katika Windows kuna programu za bure kama Core Temp na HWiNFO. Katika Linux kuna amri ya sensors. Pasipo intaneti, kompyuta nyingi za mezani huonyesha joto la prosesa katika ukurasa wa BIOS, unaofunguliwa kwa kubonyeza Delete au F2 mara tu mashine inapowaka.

Kompyuta isiyo na kazi nzito kwa kawaida huwa kati ya digrii 35 na 55. Ikifanya kazi nyingi inaweza kufika 80, na za kubebeka hupita kidogo. Ikiwa imefika 90 na hatufanyi lolote zaidi ya kuandika barua, kuna tatizo.

Kwanza, nakala

Kabla ya turnevisi, tutoe nakala. Daftari la ubatizo, orodha ya washiriki na hesabu ziwekwe kwenye flashi mbili: moja ibaki ofisini, nyingine ikae kwa mtu mwingine mwaminifu. Ikiwa mashine haikai hata dakika kumi, tuiache ipoe kabisa, tuiwashe asubuhi mapema, na tuanze na mafaili yasiyoweza kuandikwa upya. Kipuri kinaweza kununuliwa tena. Majina ya watu waliobatizwa katika vijiji vya mbali hayauzwi popote.

Kuondoa vumbi

Tuzime kompyuta, tuchomoe waya wa umeme, tutoe betri kama inatoka, kisha tubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 ili umeme uliobaki uishe. Kazi ifanyike nje kivulini, mbali na barabara. Wakati wa kiangazi hewa ni kavu na mwili hukusanya umeme tuli unaoweza kuua kipuri bila sisi kusikia chochote. Kwa hiyo tuguse chuma cha sanduku la kompyuta kabla ya kugusa vilivyomo.

Tutumie burashi laini, safi na kavu, kama ile ya kupakia rangi. Tushike mapanga ya vantilateri kwa kidole yasizunguke, kisha tusugue polepole kati ya mapezi ya radiateri. Pampu ya mkono ya baiskeli inafaa kupuliza vumbi lililobaki. Kompresa ya mafundi wa matairi tuiepuke: nguvu yake ni nyingi, na hewa yake mara nyingi ina matone ya maji na mafuta. Tusipulize kwa mdomo pia, maana mate ni maji.

Mara nyingi dawa inaishia hapa. Tufunge, tuwashe, tupime tena. Ikiwa joto limeshuka vizuri, hakuna haja ya kugusa krimu.

Kubadilisha krimu

Krimu ya kupitisha joto hukauka baada ya miaka kadhaa na kuwa kama chokaa. Hapo vumbi likiondolewa, joto halishuki. Kazi hii inahitaji utulivu.

Kwanza tupashe mashine joto kwa dakika chache ili krimu ilainike, kisha tuizime na kuchomoa kila kitu kama mwanzo. Tuchomoe waya wa vantilateri, tulegeze skrubu kidogo kidogo kwa mshazari, na tuzungushe radiateri taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinyanyua. Kuivuta kwa nguvu kunaweza kung'oa prosesa pamoja nayo.

Tufute krimu ya zamani pande zote mbili kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, chenye alkoholi. Ya asilimia 90 au zaidi ndiyo bora. Ile ya asilimia 70 ina maji, kwa hiyo tusubiri ikauke kabisa. Petroli na marashi hapana. Kisha tuweke tone moja la krimu mpya katikati, ukubwa wa punje ya mchele au dengu. Krimu nyingi haiongezi ubaridi, kwa sababu kazi yake ni kujaza mianya midogo tu kati ya chuma na chuma. Turudishe radiateri, tukaze skrubu kwa mshazari, na tusisahau waya wa vantilateri.

Kuna watu wanaoweka dawa ya meno badala ya krimu. Inaonekana kusaidia siku za kwanza, kisha maji yake yanakauka na joto linarudi. Tusiitumie.

Ikiwa vantilateri inakwaruza au inazunguka kwa shida, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili wake linaweza kuisaidia kwa muda. Mawese na mafuta mengine ya kupikia huganda na kukamata vumbi. Vantilateri iliyosimama kabisa lazima ibadilishwe.

Wakati krimu inasubiriwa

Kompyuta ya Windows inaweza kupunguziwa mzigo. Katika «Options d'alimentation», kwenye mipangilio ya juu, tutafute «État maximal du processeur» na kushusha kutoka asilimia 100 hadi 99, au hata 80. Katika kompyuta nyingi, 99 inatosha kuzuia prosesa isipandishe mwendo kupita kawaida yake. Kazi ya kuandika haitaumia, joto litapungua, na betri ya sola itadumu zaidi.

Desturi nne za ofisi

Kile kitambaa cha kushona kinachofunika kompyuta kinafaa usiku tu, ikiwa imezimwa. Kompyuta ya kubebeka isiwekwe juu ya mto au magoti yenye kitenge. Iinuliwe kwa vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini. Sanduku la kompyuta ya mezani likae juu ya meza, si sakafuni. Na kabla ya kufagia, tunyunyize maji.

Tunapendekeza kila distrikti ichague vijana wawili, mwanamume na mwanamke, wajifunze kazi hii, na wazungukie ofisi mara mbili kwa mwaka: mwezi wa nne kabla ya vumbi, na mwezi wa tisa kabla ya ripoti. Wakiwa wawili, mmoja akihama au akienda masomoni, ujuzi unabaki. Turnevisi, burashi, alkoholi na mrija mmoja wa krimu vinatosha kwa ofisi nyingi, na bei yake haikaribii bei ya kompyuta mpya.

Vyombo hivi vingi vilinunuliwa kwa sadaka za watu wenye kidogo. Kuvitunza ni sehemu ya uwakili wetu, sawasawa na kuziba bati la kanisa kabla mvua haijaanza.