Video za Hisabati: Mgeni Aje, Lakini Mwenyeji Asilale

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ilinijia akilini hivi majuzi nilipokwenda kumjulia hali dada yangu mtaani Mishomoroni, katika eneo la Kisauni, bara ya kaskazini ya Mombasa. Nilimkuta mwanawe, msichana wa kidato cha nne, amejikunyata pembeni mwa sebule, rununu ya mamake mkononi, macho hayabanduki kwenye kioo. Nikafanya kama wafanyavyo wajomba wengi: nikakemea kabla ya kuuliza.

"Mtihani umebisha hodi, nawe wacheza na simu?"

"Si mchezo, mjomba," akanijibu kwa adabu. "Nasoma hesabu."

Akanigeuzia kioo nione. Palikuwa na mkono wa mwalimu asiyeonekana uso, ukichora tufe la dunia na kulikata kwa mistari ya longitudo na latitudo, huku sauti ikieleza kwa Kiingereza cha mbio, chenye lafudhi ya mbali. Nilimwomba radhi mpwa wangu. Lakini ualimu ni maradhi yasiyo na dawa. Nikaketi kando yake nikamwuliza amejifunza nini.

Hakusita. Ukitaka kujua masafa baina ya miji miwili iliyoko kwenye latitudo moja, alisema, unachukua 60, unazidisha kwa tofauti ya longitudo zao, kisha unazidisha kwa kosaini ya hiyo latitudo. Jawabu linakuja kwa maili za baharini.

"Na hiyo kosaini imeingiaje?"

Akanyamaza. "Ndivyo alivyosema mwalimu wa video," akasema hatimaye. "Kwani mjomba, imeingiaje?"

Ndugu msomaji, nami nilinyamaza. Nina shahada ya uzamifu katika isimu, na nimesimama mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu kwa miaka mingi. Lakini kanuni ile niliikariri kama kasuku nilipokuwa nikijiandaa kwa mtihani wangu mwenyewe mwishoni mwa miaka ya tisini, nikaimwaga kwenye karatasi, nikapata alama zangu, tukaagana. Hakuna aliyenieleza kosaini yatoka wapi, wala sikuthubutu kuuliza. Hapo nilitambua kwamba jambo lililotukabili sebuleni mle halikuwa la simu. Lilikuwa la zamani kuliko simu.

Tusiwe wepesi, basi, wa kuzilaumu video hizi. Mmoja wa watu waliozipa umaarufu ni Mmarekani Salman Khan, ambaye mwaka wa 2004 alianza kumfundisha binamu yake hisabati kwa njia ya simu, yeye akiwa Boston na binamu huyo New Orleans. Mwaka wa 2006 akaanza kuyaweka masomo yake kwenye YouTube, na mwaka wa 2008 akaasisi Khan Academy. Amewahi kusimulia kwamba jamaa zake walipendelea kumtazama kwenye video kuliko kumsikiliza yeye mwenyewe. Siri yake si ngumu kuifumbua. Video haichoki wala haimkunjii mtu uso. Mwanafunzi anaweza kuirudisha nyuma mara kumi bila ya kuona haya, na kwa mtoto wa darasa lililofurika, ambaye kuinua mkono ni kujitakia kicheko cha wenzake, hiyo ni neema.

Sisi wenyewe tuliionja neema hiyo, na uchungu wake, serikali ilipozifunga shule zote mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ilipeleka masomo kwenye redio, kwenye runinga na kwenye YouTube. Ilikuwa hatua njema. Lakini katika nyumba nyingi za mitaa yetu simu yenye intaneti ni moja, nayo huondoka asubuhi mfukoni mwa baba au mkobani mwa mama na kurejea usiku. Kinaya ni kwamba nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS, zilizotuletea intaneti ya kasi mwaka wa 2009, zilitua hapa hapa pwani ya Mombasa. Bahari iliyopitisha nyaya hizo ndiyo anayoogelea mtoto wa Kisauni, naye bado anahesabu bando yake kama mpishi anayepima chumvi.

Hata hivyo, tuseme simu ipo na bando ipo. Je, mtoto atafaulu? Tuutazame mtihani wenyewe. Hisabati ya KCSE ina karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza ya kila karatasi ina maswali 16 ambayo ni lazima yote yajibiwe. Katika sehemu ya pili mtahiniwa huchagua maswali matano kati ya manane. Alama hutolewa kwa hatua za kazi, si kwa jawabu peke yake. Tena, tangu mwaka wa 2023, hisabati na lugha moja ndiyo masomo ambayo hayana budi kuingizwa katika kukokotoa gredi ya wastani. Tangu mitihani ya kidato cha sita ikomeshwe nchini mwaka wa 1989, mwanafunzi wa Kenya hana tena miaka miwili ya ziada ya kukomaa, kama walivyo nayo ndugu zetu wa Tanzania wanaoingia kidato cha tano na cha sita kusoma Hisabati ya Juu. Mada nzito, zikiwamo zile za kima cha mabadiliko na za maeneo yaliyo chini ya mikunjo ya grafu, zinamngoja katika kidato cha nne.

Mtihani wa namna hiyo haufanywi kwa macho. Anayetazama mwalimu akikokotoa huhisi kwamba ameelewa, kwa kuwa kila hatua inafuata hatua nyingine kwa ulaini. Ni sawa na kumtazama fundi akiranda mbao ukadhani mikono yako nayo imejifunza. Kujua kwako kutadhihirika pale tu utakapoifunga video, ukakabiliana na karatasi tupu.

Lakini mpwa wangu alikuwa akifanya mazoezi, na majibu yake yalikuwa sahihi. Kilichompungukia kilikuwa kitu kingine, nacho tulikipata kesho yake alipopita jirani yao mmoja, mwalimu wa hisabati. Nilimweleza fedheha yetu. Mwalimu hakuandika chochote. Aliomba machungwa mawili na kisu.

La kwanza alilikata katikati. "Hii ni ikweta," alisema. La pili akalikata juu, karibu na kikonyo. "Na hii ni latitudo ya juu. Mdudu akizunguka ukingo huu, na mwenzake akizunguka ule, safari ipi ndefu?"

"Ya katikati," akajibu binti.

"Digrii ni zilezile 360, lakini njia imefupika. Sasa tuulizane, imefupika kwa kiasi gani?"

Hapo ndipo aliposhika kalamu. Akachora mstari kutoka kitovu cha dunia hadi ukingo wa duara dogo: huo ni nusu kipenyo cha dunia. Pembe uliyoinuka nayo mstari huo kutoka ikweta ndiyo latitudo. Nusu kipenyo cha duara dogo kikawa upande wa pembetatu ulio karibu na pembe hiyo. "Upande wa karibu ukiugawa kwa mstari mrefu, wapata nini?"

"Kosaini!" Sauti yake ilifika jikoni kwa mamake.

Kwenye latitudo ya 60, mwalimu aliendelea, kosaini ni nusu kamili. Ndiyo maana digrii moja ya kwenda mashariki huko ni maili 30 za baharini. Kwetu Mombasa, karibu na latitudo ya 4 kusini, kosaini inakaribia 1. Nahodha atokaye Kilindini kuelekea mashariki hukata maili 60 kasoro kidogo kwa kila digrii. Yote haya aliyasema kwa Kiswahili, akichomeka istilahi za Kiingereza pale zilipohitajika kwa ajili ya mtihani. Alipoondoka, binti aliifungua tena ile video ya jana, akaisikiliza, kisha akashusha simu. "Kumbe ndicho alichokuwa akikisema, mjomba!"

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Video haikuwa na kasoro. Mwalimu wa mbali alikuwa ameeleza kila kitu, lakini alimweleza mtoto kwa lugha ambayo mtoto huyo huitumia kukariri na si kufikiri. Kanuni ilipita, maana ikabaki mlangoni.

Najua nitakalojibiwa: mtihani ni wa Kiingereza, basi Kiswahili kitamchelewesha. Hofu hii naielewa, na siidharau, maana mzazi anayeisema anamtakia mwanawe mema. Lakini istilahi ni vazi, na dhana ni mwili. Neno aljebra lenyewe limetokana na Kiarabu, kutoka kitabu cha al-Khwarizmi aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya tisa. Saini, ndugu yake kosaini, ilianza kwa Wahindi. Waarabu wakalichukua neno la Kihindi kwa sauti yake, likaja kusomwa kama neno lao lenye maana ya mfuko au kifua cha vazi. Nao wafasiri wa Kilatini wakalitafsiri kosa hilo kwa uaminifu mkubwa. Hisabati imehama lugha baada ya lugha, hata kwa makosa, na pembetatu haikuharibika. Wazee wetu nao walikuwa na nusu, robo, thuluthi na thumuni kabla ya skuli ya kwanza ya mkoloni. Watanzania wamefundisha hisabati ya shule za msingi kwa Kiswahili tangu mwaka wa 1967, na mwaka wa 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Anayedai kwamba lugha hii haiwezi kubeba sayansi hana budi kwanza kuzisoma kurasa zake.

Simwombi mtu abadilishe lugha ya mtihani. Ninaomba daraja. Walimu wetu wa hisabati wanazo simu zinazorekodi. Mwalimu mwenye machungwa mawili na dakika kumi anaweza kumfaa mtahiniwa wa Mishomoroni kuliko studio ya ng'ambo, kwa sababu anajua mtaala wa hapa, anajua mahali watoto wanapokwama, na anajua watoto hao hufikiri kwa lugha gani. Taasisi zinazosimamia mitaala ziwaunge mkono kwa vifaa na kwa malipo, maana moyo peke yake haununui bando. Nao wenzangu wa idara za Kiswahili tushuke kutoka kwenye makongamano, tukaketi na walimu hao ili istilahi tunazobuni zipate midomo ya kuzitamka. Haja haitapungua: darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka wa 2027, na mwaka wa 2025 serikali ilitangaza kwamba hisabati, ya msingi au ya kina, itasomwa na kila mwanafunzi wa sekondari ya juu.

Kwa wanafunzi nina neno moja tu. Simamisheni video kila baada ya hatua, andikeni hatua inayofuata kabla hamjaonyeshwa, kisha mwelezeni mtu mwingine kwa lugha mnayogombania nayo na kutania nayo. Mkikwama katika maelezo hayo, hapo ndipo pa kusoma.

Mpwa wangu bado hajaingia chumba cha mtihani, nami sitabashiri gredi yake. Wiki iliyopita nilimkuta barazani akimweleza mdogo wake jambo, na chungwa mkononi. Nilisimama nje ya lango nikasikiliza. Safari hii sikukemea.