Mchagua Jembe si Mkulima: Je, Tumpe Bawabu Bunduki?

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii huja akilini kila mara mjadala wa kuwapa silaha walinzi wa kampuni za kibinafsi unapozuka humu nchini. Huzuka baada ya msiba, ukavuma kwa majuma machache, kisha ukapoa hadi msiba mwingine. Na katika kuvuma kwake, swali linaloulizwa kwa sauti kubwa ni lile la jembe: apewe bunduki gani? AK-47 au G3? Maswali ya mkulima, yaani nani atalihifadhi jembe hilo, nani atalinoa, na nani atajibu likimkata jirani, huachwa pembeni.

Mtu akipita soko la Kibuye, mjini Kisumu, baada ya giza kuingia, ataelewa kwa nini mjadala huu hauishi. Soko hilo, ambalo siku ya Jumapili hufurika watu kutoka kila pembe ya eneo la Ziwa, usiku huachiwa mabawabu. Marobota ya mitumba, makabati ya maseremala, mabati na magunia ya nafaka huwa mikononi mwa mtu mwenye koti zito, tochi, filimbi na rungu. Mali anayoilinda kwa usiku mmoja inaushinda mshahara wake wa miaka. Wezi wakija na bastola, rungu litafaa nini?

Hoja ya wanaotaka walinzi wapewe bunduki si ya kupuuzwa, na walimu na wanafunzi wanaijua kuliko wengine. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, magaidi walipofika katika Chuo Kikuu cha Garissa, waliwaua kwanza walinzi wawili waliokuwa langoni bila silaha. Watu 148 waliangamia siku hiyo, wengi wao wanafunzi. Mwaka uliofuata ilipitishwa Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi, ikaunda mamlaka ya kusajili kampuni na walinzi wake. Hata hivyo, mlinzi wa kawaida ameendelea kusimama langoni na rungu lake. Kampuni zikisafirisha fedha za benki, ni polisi wanaozisindikiza kwa bunduki.

Ili tujue tunaomba nini, yafaa tuwatazame waliokwisha kuipita njia hiyo. Kuanzia mwaka 2005, maelfu ya jirani zetu Waganda, wengi wao askari na polisi wa zamani, waliajiriwa na kampuni za kibinafsi kwenda kulinda kambi za Wamarekani nchini Iraq. Walisimama malangoni, wakapekua magari, wakalinda kumbi za kulia chakula. Kazi yao haikuwa tofauti sana na ya bawabu wa Kibuye, ila wao walikuwa na bunduki begani, katika nchi ya vita.

Je, bunduki za walinzi kama hao huchaguliwaje? Anayedhani kwamba wakubwa wa kampuni hukaa mezani wakatafuta bunduki bora kuliko zote duniani hajaijua biashara hiyo. Swali la kwanza ni la sheria. Silaha haivuki mpaka kama robota la mitumba. Yahitaji kibali cha nchi inayouza, cha nchi inayopokea, na idhini ya aliyetoa kandarasi. Swali la pili ni risasi, kwani bunduki isiyo na risasi ni fimbo ya bei ghali. Risasi ya AK-47 ina kipenyo cha milimita 7.62, na ganda lake lina urefu wa milimita 39. Ile ya G3, bunduki ambayo polisi wetu wameibeba kwa miaka mingi, ina kipenyo hicho hicho, lakini ganda lake ni la milimita 51. Mwenye moja hawezi kuazima risasi kwa mwenye nyingine. Kwa hiyo kampuni huuliza kwanza ni risasi zipi zinazopatikana mahali pale, na katika Iraq, iliyojaa AK tangu enzi za Saddam Hussein, jibu lilikuwa dhahiri.

Swali la tatu ni vipuri na fundi wa kuvitia. La nne ni mazoea ya mshikaji: Mganda aliyefunzwa AK jeshini huiweza hata gizani, ilhali bunduki ngeni humtaka aanze upya. La mwisho ni bei, na mara nyingi hilo ndilo huwa la kwanza kimyakimya. Bunduki za Kimarekani za jamii ya M16 na M4 ni nyepesi na hulenga vyema zaidi kwa mbali, lakini zahitaji usafi na mafuta kwa uangalifu mkubwa. Ile ya Kirusi iliundwa ikiwa na nafasi kubwa kati ya vyuma vyake vinavyosogea, hivyo huvumilia vumbi na uchafu. Sifa hiyo imezaa uongo mmoja wa hatari, kwamba AK haihitaji kutunzwa.

Hakuna chuma kisichohitaji kutunzwa. Risasi nyingi za zamani kutoka Ulaya ya Mashariki zina kiwashio kinachoacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo hunyonya unyevu, na mtutu usipooshwa, kukaushwa na kupakwa mafuta, kutu huanza kuula. Jangwani, mafuta yakizidi hunasa vumbi na kugeuka tope. Yakipungua, vyuma husagana. Springi ya magazini huchoka, na midomo ya magazini hupinda ikianguliwa mara kwa mara, na bunduki inapokwama aghalabu kasoro huwa hapo. Fauka ya hayo, bunduki yapasa kupimwa shabaha na yule yule atakayeibeba. Bunduki iliyopimwa na mwenzake wa zamu ya mchana inaweza kumpeleka risasi pembeni mlinzi wa usiku, na hapo pembeni ndipo anaposimama mpita njia.

Historia ina ushahidi wa kutosha juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1960, jeshi la Marekani lilipeleka bunduki mpya za M16 nchini Vietnam. Wanajeshi wengi hawakupewa vifaa vya kusafishia, na wakaaminishwa kwamba silaha hiyo ya kisasa haihitaji usafi mwingi. Baruti ya risasi zake nayo ilikuwa imebadilishwa. Bunduki zilikwama katikati ya mapigano, wanajeshi wakafa wakihangaika nazo, hadi Bunge la Marekani likaunda kamati ya uchunguzi mwaka 1967. Tarehe 23 Machi 2003, kikosi cha mafundi wa jeshi lilo hilo kilipotea njia karibu na mji wa Nasiriyah, Iraq, kikavamiwa na kupoteza wanajeshi 11. Ripoti ya jeshi lenyewe ilieleza kwamba bunduki kadhaa zilikwama, na kwamba huenda sababu ilikuwa utunzaji hafifu katika mazingira ya jangwa. Naam, kikosi cha mafundi! Ikiwa taifa lenye jeshi tajiri kuliko yote liliteleza hapo, kampuni inayokata gharama ili ipate kandarasi itasimama wapi?

Utunzaji, aidha, hauishii kwenye kitambaa na mafuta. Wafanyabiashara wetu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwezi Julai 2007, ofisi ya Marekani inayokagua matumizi ya serikali ilitangaza kwamba hesabu za silaha zilizogawiwa vikosi vya usalama vya Iraq hazikulingana: bunduki za AK-47 zipatazo 110,000 na bastola zipatazo 80,000 hazikujulikana ziliko. Hazikuibwa usiku na majambazi waliovunja ghala. Zilitolewa mchana, na walioziandika hawakuandika ipasavyo.

Kisa cha Afghanistan ni cha kuchekesha na kuliza kwa pamoja. Mwezi Februari 2010, kamati ya Seneti ya Marekani ilielezwa jinsi watu wa kampuni ya Paravant, iliyokuwa tanzu ya Blackwater, walivyochukua mamia ya AK-47 kutoka ghala la Kabul lililojulikana kama Bunker 22. Bunduki hizo zilikusudiwa polisi wa Afghanistan, na kampuni haikuwa na idhini ya kuwapa watu wake silaha. Zaidi ya 200 kati yake zilitiwa sahihi kwa jina la Eric Cartman, kijana mtundu wa filamu za vibonzo za runinga. Mwezi Mei 2009, watu wa kampuni hiyo, wakiwa nje ya zamu, walikuwa wamewapiga risasi raia wa Kabul na kuwaua wawili. Waliichagua bunduki ifaayo kwa nchi ile. Risasi zake zilipatikana, vipuri vyake vilipatikana. Kilichokosekana ni jina la kweli daftarini na msimamizi wa kulisoma.

Tumtazame sasa mwenye kuishika. Waganda wa mwanzo waliokwenda Iraq walilipwa takriban dola 1,000 kwa mwezi. Kadiri kampuni zilivyoshindana kwa bei, ujira ulishuka hadi dola 600 na hata chini ya hapo, ilhali hatari ilibaki pale pale. Bunduki haisafishwi na kampuni, ndugu msomaji. Husafishwa na mtu mwenye njaa au mwenye shibe, aliyelala au aliyekesha. Tarehe 2 Mei 2023, nchini Uganda kwenyewe, Waziri wa Nchi anayehusika na Kazi, Charles Okello Engola, aliuawa nyumbani kwake na askari wa jeshi aliyepewa kazi ya kumlinda. Iliripotiwa kwamba askari huyo alilalamikia kutolipwa. Bunduki yake haikuwa na kasoro yoyote.

Hebu basi turudi Kibuye na masomo haya. Mlinzi wa soko humaliza zamu alfajiri, akavua koti na kwenda zake nyumbani, pengine Manyatta au Nyalenda, katika chumba anachoishi na jamaa yake. Rungu lake huliegemeza nyuma ya mlango. Je, bunduki ataiegemeza wapi? Kampuni ndogo yenye ofisi ya chumba kimoja ina ghala la chuma lenye kufuli mbili? Nani atahesabu risasi jioni na kuzihesabu tena asubuhi? Hewa ya Ziwa ina unyevu mwaka mzima, na bunduki isiyofyatuliwa kwa miezi sita huku ikinyeshewa na umande kila usiku itakuwa mzigo wa kutu siku itakapohitajika. Mshika bunduki asiyepewa risasi za mazoezi kwa sababu ya gharama hatakuwa mlinzi. Atakuwa mtu aliyebeba kitu ambacho majambazi wanakitamani kuliko marobota anayoyalinda.

Kisumu, kuliko miji mingi, haifai kufundishwa bei ya risasi iliyokwenda kombo. Tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, si mbali na Kibuye, vikosi vya ulinzi viliufyatulia umati risasi, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nayo ilikuta kwamba wengi wa waliokufa mjini humu walikufa kwa majeraha ya risasi. Hao walipigwa na watu wa serikali, ambao angalau wana makamanda, nambari za kazi na sheria ya kuwashtaki. Na haki ilikuwa ngumu kupatikana hata hivyo. Risasi ikitoka kwa mlinzi wa kampuni, mjane ataanzia mlango gani?

Sisemi kwamba bawabu aachwe afe langoni. Waliokufa Garissa walikuwa na haki ya kulindwa kama mtu mwingine yeyote. Nasema kwamba mpangilio wa mambo una maana. Kwanza mlinzi apewe mafunzo ya kweli na ujira wa kumtosha. Mwaka 2024 mamlaka ya ulinzi wa kibinafsi ilitaka alipwe si chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi, na mvutano ukafikishwa mahakamani. Pili, apewe simu ya upepo inayomfikia polisi mara moja, na polisi wa kuitikia. Tatu, kampuni yoyote inayoomba silaha ioneshe ghala lake, daftari lake na fundi wake kabla ya kuonesha orodha ya bunduki inazozipenda, na ikaguliwe bila taarifa. Nne, iweke bima ya kuwafidia watakaoumizwa. Kampuni isiyoweza hayo haiwezi bunduki. Inayoyaweza itagundua kwamba swali la AK au G3 lina jibu jepesi: ile ambayo walinzi wake wameizoea, ambayo risasi na vipuri vyake vinapatikana kihalali, na ambayo fundi wake anaimudu.

Walimu wanaoketi katika bodi za shule ndio watakaoulizwa siku moja kama wanataka mlinzi mwenye bunduki langoni. Wanafunzi ndio watakaopita mbele ya mtutu huo kila asubuhi. Siku hiyo ikifika, wasikubali kuoneshwa bunduki mpya inayong'aa mezani. Waombe waletewe daftari la ghala, walifungue ukurasa wa jana, na wasome jina la aliyeitia sahihi.