Umempeleka mgonjwa Chennai? Soma kabla ya kuagiza idli

Umefika Chennai na mgonjwa wako. Faili limeshapokelewa hospitalini, vipimo vinaanza kesho, na mtoto analia njaa. Nje ya geti kuna vimgahawa vya wazi, watu wanakula wamesimama, bei nafuu, na kwenye orodha huoni chakula hata kimoja unachokijua. Wengi hapo hurudi chumbani na kushindia biskuti na chai ya rangi wiki nzima. Si lazima iwe hivyo.

Anza na idli. Ni vikate vidogo vyeupe, laini, vinavyopikwa kwa mvuke. Ukionja utakumbuka kitumbua kisicho na sukari wala mafuta. Mchele na aina ya choroko nyeusi iitwayo urad hulowekwa, husagwa na kuachwa usiku kucha uumuke. Idli ikitoka kwenye mvuke bado ya moto, ni miongoni mwa vyakula salama zaidi utakavyopata mtaani, na wazazi wa huko huwapondea watoto wanaoanza kula. Dosa hutokana na rojo la namna hiyohiyo, ila hutandazwa kwenye chuma cha moto kama chapati ya maji, kwa mafuta au samli. Mchuzi unaoletwa pamoja nayo, sambar, ni mbaazi, ukwaju na mboga. Mbaazi hizo India hununua pia kutoka kwetu Tanzania, kwa hiyo usiogope.

Cha kuogopa ni vibakuli vya pembeni. Chatne ya nazi haichemshwi, na huenda imesagwa tangu alfajiri na kukaa kwenye joto. Aliyepandikizwa figo, au anayetibiwa saratani na kinga yake imeshuka, asiiguse. Nyingine zina karanga, na korosho hutiwa kwenye pongal na upma. Mtoto mwenye mzio? Uliza kabla ya kuketi. Pongal huwa pia na pilipili manga nzima. Zitoe, zisije zikampalia.

Sasa madafu. Yanauzwa barabarani kama Dar es Salaam, na kila ndugu anataka kumnunulia mgonjwa “apate nguvu”. Ndugu msomaji, kama figo za mgonjwa wako zimechoka, usimpe. Dafu lina potasiamu nyingi, figo hizo haziwezi kuitoa, na ikizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama. Sambar nayo ina potasiamu na chumvi: achovye kidogo tu, asiinywe, na kiasi chake amuulize mtaalamu wa lishe wa hospitali.

Mwenye kisukari akumbuke kwamba idli ni mchele. Nne si kitafunwa, ni mlo wa wali. Ale mbili, na kama ipo dosa ya ragi, yaani ulezi wetu, aijaribu, ila nayo kwa kiasi.

Kahawa huja na maziwa na sukari tayari. Sema “sakkarai vendaam”, sitaki sukari. Hilo sakkarai ni ndugu wa sukari yetu. Pilipili hutaki? “Kaaram vendaam.” Ukiomba “sudu thanni” utaletewa maji ya moto, na usione aibu kuomba, wenyeji nao huyaomba.

Asubuhi ya upasuaji, usipite na mtoto hapo kabisa. Akila hata nusu idli au akanywa maziwa, daktari wa usingizi ataahirisha, kwa sababu chakula kikipanda kooni akiwa amelala kinaweza kuingia kwenye mapafu. Wakikuambia asile kuanzia saa 6 usiku, ni saa 6 usiku, hata akilia. Wewe mzazi nenda ukale akishaingizwa ndani. Utakaa kwenye benchi lile muda mrefu.