Rugezi: Kinamasi Kilichozima Taa za Kigali

Mwaka 2004 Rwanda ilikuwa katika mgawo mkali wa umeme. Serikali ilikodi majenereta ya dizeli kwa makumi ya maelfu ya dola kila siku, na bado Kigali ilikaa gizani. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi: karaha hiyo anaijua. Kilicho kigeni kwake ni mahali lilikoanzia tatizo. Ni kaskazini, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, katika kinamasi kiitwacho Rugezi.

Maji ya Rugezi huingia Ziwa Burera. Kutoka Burera hadi Ziwa Ruhondo, lililo chini yake, kuna mteremko wa takriban mita 100, na hapo ndipo kilipojengwa kituo cha kufua umeme cha Ntaruka mwaka 1959, enzi za Wabelgiji. Yakishatoka Ruhondo, maji hayohayo huendesha mitambo ya Mukungwa. Safari yao haiishii hapo: yanashika Nyabarongo, kisha Kagera, hadi Ziwa Victoria. Kwa hiyo mvuvi wa Bukoba naye ana sehemu yake katika habari hii.

Kinamasi chenyewe ni mafunjo na nyasi zilizosongamana, mizizi yake ikielea juu ya maji na tope jeusi. Mvua ikinyesha hunywa. Kiangazi kikifika huachia kidogo kidogo. Lakini katika nchi ya vilima ambako mashamba hupanda hadi kileleni, ardhi tambarare yenye unyevu haiachwi hivihivi. Watu walichimba mifereji, wakakausha, wakalima. Juu yao miteremko ilimomonyoka na udongo ukashuka bondeni. Mvua nazo zikapungua, na kituo hakikuendeshwa kwa uangalifu. Burera ikashuka kina, mitambo ikakosa maji.

Ndipo sheria ikapata meno. Sheria mama ya mazingira ya mwaka 2005 iliagiza kilimo na malisho vikae mita 10 kutoka ukingo wa mto na mita 50 kutoka ukingo wa ziwa. Mwaka huohuo Rugezi iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Wakulima na mifugo wakaondolewa kinamasini. Kukizunguka pakapandwa mianzi na mabingobingo, miteremko ikakatwa matuta ya ngazi, wananchi wakagawiwa mizinga ya nyuki na majiko banifu. Kina cha ziwa kilipanda, na Ntaruka, yenye uwezo wa megawati 11 na ushee, ikarudi kazini sawasawa.

Mimi sidhani kwamba viumbe wa Rugezi peke yao wangeiamsha serikali kwa kasi ile. Umeme ndio uliowaombea. Waliofaidika ni wengi, na anayeonekana kwa urahisi zaidi ni korongo taji, yule ndege mrefu mwenye shada la manyoya ya dhahabu kichwani, ambaye Wanyarwanda humwita umusambi. Hujenga kiota chake katikati ya majani kinamasini, na Rugezi ni mojawapo ya ngome zake kuu nchini. Heshima aliyopewa ilikuwa balaa kwake: kwa kuwa ni ishara ya utajiri na maisha marefu, makinda yaliibwa viotani, yakauzwa kupamba bustani za hoteli na nyumba za wenye nafasi, yakakatwa manyoya ya mabawa yasiruke. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata korongo 487 tu porini nchini kote. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake, wakishirikiana na serikali, waliwashawishi wafugaji wawasalimishe bila kuogopa adhabu, na wale wasioweza tena kuruka wakatengewa makao Kigali, katika kijiji cha Umusambi.

Mwaka 2018 sheria mpya ya mazingira ilichukua nafasi ya ile ya 2005, na mwaka 2021 ikatungwa nyingine mahususi kwa bioanuwai. Kwa kuandika sheria, Rwanda haina upungufu. Ugumu uko kwa jirani wa kinamasi, anayekatazwa kukata majani ya kulisha ng'ombe mahali ambapo baba yake alikata bila kuulizwa, na ambaye huenda nyumba yake haina waya wa umeme unaolindwa kwa jina lake. Ukataji haramu wa majani na uchomaji moto havijakoma, na kuwaita wote wanaofanya hivyo wahalifu ni uvivu wa kufikiri.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Wanyarwanda milioni 13 na ushee, zaidi ya 500 katika kila kilomita ya mraba, na familia nyingi za vijijini hulima chini ya hekta moja. Mwenye nusu hekta inayopakana na mto kwa urefu wa mita 100 akiacha zile mita 10, ameachia moja ya tano ya shamba lake. Mizinga miwili ya nyuki hailipi pengo hilo, hata mwaka ambao asali imejaa.