Milango Miwili ya Uwanja: Msamiati wa Mpira katika Kiswahili cha Bunia

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza msamiati wa michezo, hasa kandanda, unaomfikia mzungumzaji wa Kiswahili mjini Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni jambo linalojulikana kwamba istilahi nyingi za mchezo huu zina asili ya Kiingereza. Lisilozingatiwa sana ni kwamba asili ya neno na njia ya neno ni mambo mawili tofauti. Neno moja la Kiingereza laweza kuingia Bunia kwa mlango wa mashariki, likiwa limekwisha kuvaa vazi la Kiswahili. Laweza pia kuingia kwa mlango wa magharibi, likiwa limevaa vazi la Kifaransa. Makala yataonyesha milango hiyo miwili, kisha yataeleza ni aina gani ya maneno hukopwa na ni aina gani huundwa na wachezaji na watazamaji wenyewe. Mwisho yatagusia faida ya uchunguzi huu kwa mwalimu na mtangazaji.

2. Mji na lugha zake

Bunia iko magharibi ya Ziwa Albert, si mbali na mpaka wa Uganda. Kiswahili kililetwa katika eneo hilo na misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kupitia Manyema, kikaenea zaidi katika karne ya 20, wakati machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto yalipokusanya wafanyakazi wa makabila mengi. Lugha za wenyeji hazitoki katika ukoo mmoja. Kibira ni lugha ya Kibantu. Kilendu na Kilugbara ni za tawi la Sudani ya Kati. Kialur ni ya Kiniloti. Juu ya hizo kuna Lingala, inayosikika katika jeshi na katika muziki, na Kifaransa, lugha ya shule na ya ofisi.

Katika mazingira hayo timu ya vijana 11 inaweza kuwa na watoto wa lugha 4 au 5. Mchezo hauwezi kungoja mkalimani. Neno la kumtaka mwenzako akupe mpira, au la kumwonya kwamba adui yuko nyuma yake, sharti lieleweke papo hapo. Kiswahili ndicho kinachobeba kazi hiyo kwa sehemu kubwa. Katika jimbo lililopita katika vita vya 1999 hadi 2003, ambamo watu waliuawa kwa kutambuliwa kabila zao, lugha ambayo si mali ya kabila lolote ina thamani isiyohitaji kutetewa kwa maneno mengi.

3. Milango miwili

Sheria za kandanda ziliandikwa London mwaka 1863, na majina ya sehemu zake yakatoka katika Kiingereza. Lakini shirikisho la dunia, FIFA, lilianzishwa Paris mwaka 1904, na jina lake ni la Kifaransa hadi leo. Mchezo huu, basi, ulisambaa tangu mapema kwa lugha zote mbili. Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda ziliupokea chini ya utawala wa Kiingereza. Kongo iliupokea chini ya Wabelgiji, kwa Kifaransa.

Kwa mlango wa mashariki Kiswahili kilipata "goli", "kona", "penalti", "refa", "kipa", "beki", "winga", "mechi", "ligi", "timu" na "kocha". Maneno haya yamefuata kanuni za lugha: yote yanaishia kwa irabu, mengine yameingia katika ngeli zenye wingi wa ma-, kama "magoli" na "mabeki", na mengine yameungana na maneno ya zamani, kama "nusu fainali" na "mkwaju wa penalti".

Kwa mlango wa magharibi mambo yalikuwa tofauti. Kifaransa kina maneno yake kwa baadhi ya dhana: timu ni "équipe", refa ni "arbitre", na kuotea ni "hors-jeu". Hapa Kiingereza hakimo kabisa. Lakini kwa dhana nyingine Kifaransa chenyewe kilikopa kutoka Kiingereza: "match", "corner", "penalty", "football". Kwa hiyo Mkongo anayesema maneno haya anatumia Kiingereza bila kupita kwa Waingereza.

Je, mtafiti atatambuaje mlango ulioleta neno? Matamshi hutoa ushahidi. Kiingereza cha Waingereza hakitamki sauti r mwishoni mwa silabi. Ndiyo maana neno la pembe ya uwanja limekuwa "kona", bila r hata moja. Wafaransa huitamka r hiyo mara mbili, katikati na mwishoni. Anayesema neno hilo kwa r amelipata shuleni au redioni kwa Kifaransa. Anayesema "kona" amelipata mashariki. Vivyo hivyo, irabu ya "mechi" ni e kwa sababu ndivyo sikio la Mswahili lilivyoisikia irabu ya Kiingereza, ilhali Kifaransa hutamka neno hilohilo kwa a. Tofauti hizi ndogo zinaonyesha historia ya neno kuliko maandishi yake.

Neno "mpira" lenyewe, ambalo Bunia husikika kama "mupira" kwa kufuata kiambishi mu- cha Kiswahili cha Kongo, halikupita katika mlango wowote kati ya hiyo miwili. Ni jina la mmea na utomvu wake kabla ya kuwa jina la tufe. Katika Kongo utomvu huo una historia nzito, kwani katika miaka ya 1885 hadi 1908, chini ya Leopold II, wanavijiji walilazimishwa kuuvuna msituni kwa adhabu kali. Tena klabu mashuhuri ya Lubumbashi, TP Mazembe, iliwahi kuitwa Englebert, jina la kampuni ya Ubelgiji iliyotengeneza matairi ya mpira.

4. Maneno ya sheria na maneno ya ufundi

Ukiyapanga maneno yaliyokopwa, jambo moja hujitokeza. Mengi ni majina ya sheria, vyeo na mashindano: refa, kipa, penalti, kona, ligi, fainali. Yalikuja pamoja na kitabu cha sheria na filimbi. Majina ya ufundi na ya dhihaka, kinyume chake, kila lugha hujiundia.

Mfano bora ni kitendo cha kupitisha mpira katikati ya miguu ya mpinzani. Waingereza hukiita "nutmeg", yaani kungumanga, kiungo ambacho Zanzibar inakijua vizuri. Wafaransa husema "petit pont", yaani daraja dogo. Waswahili husema "kupiga tobo". Kitendo ni kimoja, taswira ni tatu, wala hakuna aliyemwazima mwenzake. Kuurusha mpira juu ya kichwa cha mpinzani na kuupokea nyuma yake, Wafaransa hukifananisha na kumvika kofia pana ya sombrero. Waswahili humvisha "kanzu". Katika lugha zote mbili aliyepitwa amevishwa nguo bila ridhaa yake, lakini kila jamii imechukua vazi inalolijua.

Katika kundi hili zimo pia "chenga", inayotokana na kukwepa kwa hila, na "danadana", yaani kuupigapiga mpira usianguke. Sababu ya tofauti hii si ngumu kuielewa. Sheria husomwa, na anayesoma huchukua neno la kitabu. Ufundi hutazamwa, na anayetazama hupiga kelele kwa lugha yake.

5. Kutoka uwanjani hadi mitaani

Dalili kwamba neno limekubalika ni pale linapotoka uwanjani na kufanya kazi nyingine. Mwananchi anayezungushwa na maofisa kutoka dirisha hadi dirisha husema kwamba "anapigwa danadana". Mdaiwa anayemkwepa mdai wake "anampiga chenga". Mwanasiasa aliyejiharibia kwa kauli yake mwenyewe "amejifunga bao", na neno "bao" hapa ni lilelile la mchezo wa kete wenye mashimo 32.

Utaratibu huu ni wa kale kuliko kandanda. Mchezo wa karata uliletwa na Wareno, pamoja na majina "kopa", "shupaza" na "uru". Kwa njia hiyohiyo lilikuja "turufu", karata inayozishinda nyingine. Leo msomaji wa magazeti hukutana nalo katika "kura ya turufu" ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, wala hakumbuki karata wala Wareno.

6. Hitimisho

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tarehe 3 Agosti 2025 timu yake ilicheza na Kenya mjini Nairobi katika michuano ya CHAN. Mikutano ya namna hii itazidi, kwani Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 limepewa Kenya, Uganda na Tanzania. Mtangazaji wa Bunia atazidi kuulizwa aseme "timu" au neno la Kifaransa, "mpira" au "mupira".

Jibu la haraka ni kwamba Kiswahili Sanifu ndicho sahihi na kingine ni kosa. Jibu hilo halisaidii. Mtoto anayeambiwa kwamba maneno anayochezea ni mabovu hatayaacha. Ataacha kuyasema mbele ya mwalimu, na darasa litakuwa limepoteza mzungumzaji. Inafaa zaidi afundishwe neno la pili kando ya lile la kwanza, aelezwe kila moja limepita wapi, na aachiwe kutumia kila moja mahali pake. Kamati za istilahi nazo zingefaidika kwa kukumbuka kwamba "tobo" na "kanzu" havikupitishwa na kikao chochote. Vilisemwa na watazamaji, vikaeleweka, vikabaki.