Lamu ikichora bango la zilizopendwa, nani atapanda jukwaani?

Januari 2022 picha moja ilizunguka mitandaoni hadi wengine wakadhani ni utani. Lilikuwa bango la tamasha la When We Were Young la Las Vegas, Marekani. Bendi zaidi ya 60 zilirundikwa kwenye siku moja. Juu kabisa walikuwa My Chemical Romance na Paramore, halafu majina yakazidi kuwa madogo mstari kwa mstari, hadi ya chini unayasoma kwa kukodoa macho. Kwa waliokuwa vijana miaka ya 2000, wale wa nywele kufunika jicho moja na wanja mweusi, bango lile lilikuwa kama albamu ya picha za shule. Tiketi ziliisha upesi, waandaaji wakaongeza siku.

Kama mambo hayo yalikupita, hebu tuelewane. Pop-panki ni roki ya mbio, gitaa kali na kiitikio cha kuimba pamoja. Emo ni binamu yake mwenye machozi: mtu ameachwa, halali usiku, na anataka kila mtu ajue.

Mtu wa Pwani akisikia hivyo atacheka. Mtu aliyeumizwa, anamtumia ujumbe aliyemuumiza, mbele ya watu wote, kwa wimbo? Kitambo sana. Sisi tunaiita taarab. Tofauti ni kwamba emo hutaja kidonda waziwazi, na taarab hukivisha fumbo, kisha kila aliyekaa ukumbini anajiuliza, "Huyu ananiimba mimi?"

Basi tuulize swali la uchokozi. Lamu tayari ina tamasha lake la utamaduni, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba. Kuna mashindano ya majahazi, mbio za punda, bao, mashairi na ngoma za usiku. Je, Lamu ikiamua kuchora bango la zilizopendwa kama lile la Las Vegas, majina gani yangeandikwa? Na wangapi kati yao wangeweza kufika?

Herufi kubwa: Zein

Hapa hakuna ubishi mrefu. Jina la juu ni Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu wa ukoo wa Alamoody, aliyehamia Mombasa na kuwa bingwa wa udi asiyepingwa kwa urahisi. Wakati wengi walikuwa wakifuata mahadhi ya filamu za Kihindi, Zein alirudi kwenye udi na midundo ya zamani ya Pwani, akaimba mashairi mazito, mengine ya Kiswahili ambacho hata bibi yako huenda akakitolea maelezo kwanza. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa albamu ya kundi lake, "Mtindo wa Mombasa", na wapenzi wa muziki Ulaya wakamjua.

Tatizo ni kwamba Zein ni marehemu. Las Vegas walipoita wakongwe wao, wengi walikuja wenyewe, wana mvi kidogo lakini wanaruka. Bango la Lamu lingeanza na mtu ambaye hawezi kupanda jukwaani. Kwa hiyo tukiandika jina lake kwa herufi kubwa, hatuuzi shoo. Tunauliza nani amejifunza udi vya kutosha kuyapiga mahadhi yale, na kuyapiga vizuri.

Mstari wa pili: wageni kutoka Mombasa

Huwezi kuchora bango la Lamu ukaisahau Mombasa, maana harusi za visiwani zilicheza kaseti za Mombasa miaka nenda miaka rudi. Juma Bhalo angekuwepo: sauti ya huzuni, mahadhi ya sinema za Bombay, maneno ya mtu aliyepigwa na mahaba akabaki anajizoazoa. Ukitaka emo halisi ya Pwani, anzia hapo. Bhalo aliacha kuimba 2007 na akafariki 2014.

Karibu naye tungemweka Zuhura Swaleh na kundi lake, na tungetaka taishokoto isikike mbele. Hicho ni chombo cha nyuzi chenye vibonyezo kama vya taipureta, kilichobuniwa Japani mwaka 1912. Kilivuka bahari, kikafika Mombasa, kikaunganishwa na spika, kikatoa mlio mkali wa chuma unaokata kelele zote za harusi. Wenzetu wa panki walipitisha gitaa kwenye mitambo ili likwaruze. Pwani tulikuwa na kikwaruzo chetu, na akina mama walikiserebukia.

Magwanda kabla ya My Chemical Romance

Mwaka 2006 My Chemical Romance walitoa albamu ya The Black Parade, wakajitokeza wamevaa magwanda meusi ya bendi ya gwaride. Vijana dunia nzima waliona jambo jipya. Kumbe Pwani ya Kenya vijana walikuwa wameshavaa magwanda ya gwaride tangu miaka ya 1890.

Ngoma hiyo iliitwa beni, yaani "band" ya Kiingereza iliyotiwa ladha ya Kiswahili. Vijana walichukua tarumbeta, madaha ya kijeshi na vyeo vya maafisa wa kikoloni, wakavigeuza kuwa mashindano ya mitaa. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi. Lamu ushindani ulifuata mpaka wa kale wa mji, Mkomani upande wa kaskazini na Langoni upande wa kusini. Upande mmoja ukitoka na sare mpya, mwingine haulali. Walipimana kwa mavazi, nyimbo za kejeli na karamu. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975, akionyesha jinsi ilivyoenea kutoka Pwani hadi bara la Afrika Mashariki.

Kwenye mstari huohuo ongeza kirumbizi, ngoma ya wanaume wawili wawili wanaochezeana fimbo huku zumari inalia. Mgeni anaweza kuona ni vita. Si vita. Kuna adabu ya kuingia, kuna adabu ya kutoka, na mwenzako humpigi kwa hasira. Waliosukumana mbele ya jukwaa la panki wakamwinua aliyeanguka watalielewa hilo mara moja.

Mabifu ya kaseti

Kama unadhani mabifu ya wasanii yalianzia kwenye simu, sikiliza hii. Katikati ya miaka ya 1970, kiti cha ubunge kilipogombewa Lamu, washairi waligawanyika. Huyu anamtetea mgombea wake kwa beti, yule anajibu kwa beti kali zaidi. Beti zikasomwa kwa mahadhi, zikarekodiwa kwenye kaseti, kaseti zikanakiliwa na kupita mkono kwa mkono, mtaa kwa mtaa. Mtu anasikia jibu asubuhi, jioni tayari kuna jibu la jibu. Tungo hizo zinajulikana kwa jina la Kimondo, na mmoja wa waliotunga ni Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, anayefahamika zaidi kama Ustadh Mau, imamu na mshairi wa Lamu.

Hakukuwa na intaneti. Kulikuwa na redio kaseti, betri na watu wenye hamu ya kusikia.

Kisichopanda bangoni

Kuna jambo moja la kuweka wazi. Mkusanyiko mkubwa unaowarudisha watu Lamu kila mwaka si tamasha. Ni Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita, kwenye Msikiti wa Riyadha. Hayo ni mambo ya dini na si shoo, kwa hiyo bangoni hayapandi. Lakini yana somo.

Msikiti huo unahusishwa na Habib Swaleh, aliyekuja kutoka Komoro na kuishi Lamu hadi alipofariki miaka ya 1930. Aliwafungulia darasa watu ambao wenye vyeo vya mji hawakuwajali, wakiwemo waliokuwa watumwa na wazao wao, na akaruhusu matari katika kumsifu Mtume. Si wote waliofurahi. Wapo waliosema matari hayana nafasi msikitini. Leo Maulidi hayo ndiyo fahari ya mji, na mtoto wa miaka kumi anakaa safu moja na mzee wa sabini, anajifunza kwa kumtazama.

Hapo ndipo Lamu na Las Vegas zinapoachana. Muziki wa emo watu wengi waliusikia peke yao, mlango umefungwa, waya masikioni. Tamasha likaja baadaye kuwakutanisha. Muziki wa Lamu ulianza na watu wakiwa pamoja: mtaa, harusi, safu ya wachezaji. Huwezi kuununua kama tiketi ya siku moja. Watu wakiacha kukutana, hakuna cha kurudisha.

Upepo, kafyu na pesa

Tamasha la Las Vegas lenyewe lilipata dhoruba. Siku yake ya kwanza, Oktoba 22, 2022, ilifutwa kwa sababu ya upepo mkali huku mashabiki wameshafika. Upepo Lamu tunaujua, na Novemba, wakati wa maleleji kati ya kusi na kaskazi, si mwezi mbaya. Kilichowahi kutuzima ni kingine.

Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, Kaunti ya Lamu iliwekewa kafyu ya usiku kuanzia Julai, na ikaongezwa tena na tena kwa miezi. Wavuvi wa usiku walikosa bahari. Lakini fikiria pia upande wa muziki: taarab ni ya usiku, ngoma za harusi ni za usiku. Mji ukifungwa jua linapozama, mpiga udi hana kazi, na kijana aliyekuwa akijifunza kwa kukaa nyuma ya bendi hana pa kukaa. Msimu mmoja wa namna hiyo hausikiki kwenye takwimu za utalii, ila unasikika mkononi mwa mpiga ngoma.

Halafu kuna pesa. Kwenye taarab shabiki anamtunza mwimbaji: anainuka, anacheza hadi mbele, anamwachia noti. Ni desturi tamu, lakini mtu hawezi kulipa karo ya watoto kwa noti za bahati. Tamasha lolote la zilizopendwa lisiwaite wazee wa zumari kuwa mapambo ya picha za watalii, kisha likawapa soda na nauli ya mashua. Walipwe kama wasanii, kwa mkataba.

Na wale waliotangulia nao wana haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda utunzi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Wimbo wa taarab mara nyingi una mtu wa maneno na mtu wa sauti, na sisi humkumbuka wa sauti tu. Anayetaka kuupiga upya wimbo wa kitambo aulize kwanza: nani aliandika, na familia yake iko wapi?

Mstari wa chini kabisa

Kwenye bango la Las Vegas, mstari wa chini ni wa bendi ambazo watu wanaziruka kwa macho. Kwenye bango la Lamu, huo ndio mstari wa kubishania. Hapo yaandikwe majina ya vijana: binti wa Shela anayejifunza udi, kijana wa Faza anayejua beti za babu yake na pia ana programu ya kutengeneza biti kwenye simu, kikundi cha Langoni kinachotaka kuifufua beni na magwanda yake. Wapewe dakika kumi na tano kabla ya wakubwa, uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, na wazee wakae safu ya kwanza kuwasahihisha. Bila mstari huo, zilizopendwa zinakuwa maziko yenye spika kubwa.

Na kuna kazi isiyosubiri tamasha. Kaseti zinakufa. Utepe unaota ukungu kwa unyevu wa bahari, unanata, unakatika. Nyingi ziko kwenye makasha chini ya vitanda, Lamu, Mombasa na hata Eastleigh kwa jamaa waliohama. Ukienda likizo, omba zile za shangazi au mjomba. Tafuta redio kaseti inayofanya kazi, ichomeke kwenye kompyuta, rekodi. Kisha muulize mwenyewe maswali manne na uyaandike majibu: anaimba nani, maneno ya nani, ilikuwa harusi ya nani, mwaka gani.

Fanya hivyo mapema, wakati bado kuna mtu wa kukujibu.