Njia ya Ishara katika Simu na Jinsi Inavyotunzwa

Wakulima wengi wa skimu zetu huuliza kwa nini siku nyingine simu haipigiki lakini ujumbe mfupi wapita, na siku nyingine, hasa siku ya malipo ya maziwa, simu yaonyesha nguvu kamili lakini pesa hazitumiki. Sababu ni kwamba katika simu za siku hizi sauti ina njia yake, na ishara zina njia yake mbali.

Ishara ni maneno ya mitambo yenyewe kwa yenyewe. Ukimpigia ndugu yako aliye Mombasa, kabla hujasikia neno lolote mitambo imekwisha ulizana: Nani anaita? Anamtaka nani? Yuko wapi sasa? Ana nafasi? Fikiri habari ya tarishi atanguliaye kwa baiskeli na hati mkononi, na lori la mizigo likamfuata. Tarishi akikwama, lori halitoki, hata barabara ikiwa tupu.

Zamani tarishi na lori walipita njia moja. Huko Marekani mlio wa mitetemo 2600 kwa sekunde ulikuwa ishara kwamba laini haina mtu, basi watu werevu wakapiga mluzi wa mlio uo huo na kujipatia simu za bure. Hiyo ni sababu moja iliyofanya ishara zitengwe. Mwaka 1980 kamati ya kimataifa ya simu ilichapisha kanuni iitwayo Ishara Namba 7, nayo ikaenea dunia nzima. Simu mpya zaidi zina kanuni nyingine, lakini desturi ya kutenga njia ya ishara imebaki.

Njia hii haiachwi kimya hata dakika moja. Kama hakuna habari ya kupeleka, mitambo hupelekeana vipande vitupu, kimoja baada ya kingine, usiku na mchana, ili kila upande ujue mwenzake yu hai. Kila kipande kina hesabu yake ya kukaguliwa, na chenye makosa hutupwa. Habari iliyoharibika hutumwa tena. Makosa yakizidi kiasi, njia hiyo huondolewa kazini yenyewe, habari zikahamishiwa njia ya pili, na haitarudishwa mpaka ijaribiwe na kuonekana safi.

Kwa hiyo njia za ishara huwekwa mbili mbili au zaidi, na desturi ya mafundi ni kutoipa njia moja zaidi ya asilimia 40 ya kazi iwezayo. Yaonekana kama uvivu, lakini moja ikikatika, nyingine itachukua mzigo wote nao utafika 80, bado kuna nafasi. Tena yafaa zipitie barabara mbali mbali, maana jembe moja la trekta laweza kukata nyaya zote za mtaro mmoja. Ukiona nguzo fupi za alama ya waya wa simu kando ya shamba lako, usilime hapo.

Hata hivyo ishara zaweza kuleta msiba. Tarehe 15 Januari 1990, huko Marekani, mtambo mmoja wa kampuni ya AT&T mjini New York ulipata hitilafu ndogo, ukajirekebisha, ukawapasha wenzake habari kwamba umerudi kazini. Kosa katika programu yao likawafanya wao nao waanguke, na kila mmoja alipoamka akawaangusha wengine. Mitambo 114 iliyumba hivyo kwa muda wa saa 9 hivi. Nyaya zote zilikuwa nzima. Mafundi waliituliza kwa kupunguza wingi wa ishara.

Sasa turudi kwenye mlingoti ulio karibu nawe. Ujumbe mfupi hupita njia ya ishara, ndiyo maana una herufi 160 tu, na ndiyo maana hupita hata nafasi za sauti zikijaa. Kutuma pesa kwa simu ndogo isiyo na intaneti hupita huko huko. Katika mitambo ya kizazi cha pili, nafasi moja ya mlingoti hugawanywa kuwa njia ndogo 8 za ishara. Wanachama mia mbili wakibonyeza kwa pamoja baada ya malipo, tarishi hawatoshi, na kila abonyezaye tena na tena anaongeza foleni.

Jambo la kuangalia ni hili: amri yako yaweza kuwa imefika, ila jibu ndilo lililokwama. Ukituma mara ya pili, huenda ukalipa mbolea mara mbili. Ngoja kidogo, kisha tazama salio lako. Likiwa limepungua, pesa zimekwenda. Mwulize mwenye duka kama amepata ujumbe wake. Likiwa vile vile, ngoja watu wapungue ndipo ujaribu tena, na jioni mara nyingi ni rahisi kuliko saa nne asubuhi.